Kwa Nini Wimbo wa Mawindo Hauna Mwenyewe

Sogezeni miguu, mniachie nafasi karibu na moto. Mvua hii imeshaamua kushinda nasi, nyavu zimelowa, na hakuna mnyama mjinga wa kutoka kichakani mwake leo. Basi nitawaambia jambo ambalo wageni hutuuliza kila wanapotusikia alfajiri, na ninyi wajukuu zangu hamjaliuliza hata siku moja kwa sababu mlizaliwa mkalikuta. Wageni hushangaa kwa nini wimbo wetu wa mawindo hauimbwi na mtu mmoja. Hushangaa kwamba kila mmoja wetu ana sauti yake moja tu, fupi, na wimbo wenyewe hausikiki mpaka kambi nzima ifungue midomo. Anayetaka kulala alale, lakini asinikoromee.

Zamani hizo mambo hayakuwa hivi. Msitu ulikuwa huu huu, na watu wake waliishi kama tunavyoishi. Wanaume walisuka nyavu kwa nyuzi za mimea itambaayo, wakazifunga ncha kwa ncha mpaka zikawa ukuta mrefu uliopinda katikati ya miti. Wanawake walizunguka upande wa pili wakipiga makelele na kuchapa vichaka kwa matawi, wakimswaga paa mpaka anaswe. Wanawake hao hao ndio waliojenga vibanda kwa fito na majani mapana ya mongongo, vibanda ambavyo mkihama tu msitu unavichukua, na baada ya muda hata aliyevijenga hawezi kuonyesha vilipokuwa. Chifu hatukuwa naye. Mtu akigombana na mwenzake alibeba kikapu chake akaenda kukaa na ndugu zake wa kambi nyingine mpaka hasira ipoe. Hayo yote hatukufundishwa na mtu wa nje, na ninapoyasema najisikia mrefu, ingawa mnaniona nilivyo.

Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti. Wimbo ulikuwa na mwenyewe.

Mnajua kwamba msitu ni mzazi wetu, na mzazi naye huchoka akalala. Akilala, mabaya hupita bila yeye kuyaona: nyoka huingia kibandani, mnyama huukwepa wavu, mtoto huanza kukohoa. Kwa hiyo kabla ya kwenda kuwinda tunawasha moto chini ya mti, tunaweka majani mabichi ili moshi upande juu, kisha tunamwimbia msitu aamke kwa furaha. Enzi hizo moto uliwashwa vilevile, lakini mwimbaji alikuwa mmoja. Alirithi wimbo kwa mzazi wake, akauimba peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na wengine wote walikaa kimya wakisikiliza.

Kambi ya watu wetu wakati huo ilikuwa karibu na mto Apelo, na mwimbaji wake aliitwa Sindula. Sipendi kumsengenya fundi, kwa hiyo nitasema lililo kweli: alikuwa fundi. Koo lake lilipanda mpaka vileleni walipo mbega, likashuka mpaka matopeni walipo vyura, na huko kote lilikopita halikukwaruza. Palikuwa na mahali pamoja katika wimbo ule, karibu na mwisho, ambapo alifumba macho, akainua kidevu na kutoa sauti moja nyembamba mno, na kila aliyekuwapo alishika pumzi. Wazee walisema walipofika hapo hawakukumbuka hata majina yao.

Mawindo yalikuwa mazuri, watu wakamshukuru Sindula. Siku moja mtu alimpa kipande cha ini kama asante. Safari iliyofuata akaliomba mwenyewe. Kwetu mtu akiomba chakula hanyimwi, hilo mnalijua, hata kama aliyeomba alishinda amelala. Akapewa. Akaomba tena ini na paja, akapewa. Akaacha kusuka wavu, kwa sababu alisema wavu wake ni koo lake, na watu wakasuka bila yeye. Akaacha kubeba, akaacha kutafuta kuni, na mwishowe akaacha hata kusimama ukutani mwa nyavu na mkuki. Alikaa karibu na moto akisubiri nyama imjie.

Alikuwapo bibi mmoja aitwaye Epamba, mwenye meno machache na maneno mengi. Siku moja Sindula alisema mbele ya watu, "Bila mimi mngekuwa mnakula uyoga."

"Na uyoga nao unauimbia?" Epamba akamuuliza. "Maana jana nimeokota mwingi, na wewe ulikuwa umelala chali."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hivyo ndivyo tunavyomshusha aliyejipandisha, kwa kuwa hatuna chifu wa kumkemea wala jela ya kumtia. Kicheko kwetu ni dawa, na kwa kawaida kinatosha. Safari hii hakikutosha. Sindula alinuna, na kesho yake alikataa kuimba. Watu wakaogopa, wakambembeleza, na tangu hapo kicheko kikakatika kambini. Hapo ndipo walipokosea, kwa maana waliacha kumcheka mtu wakaanza kumtumikia.

Sasa, huko ukingoni mwa msitu palikuwa na kijiji cha watu wa migombani. Tuliwapelekea nyama na asali, wakatupa ndizi, chumvi na vyuma vya mikuki. Ni watu wema wakitaka, ila wanauogopa msitu na wanaona haya kukiri, ndiyo maana wanatuita wadogo. Chifu wao, Andoli, alikuwa mtu wa kupenda vitu vya fahari. Siku watu wetu walipokwenda kubadilishana, Sindula aliwafuata kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na njiani aliimba kwa kujifurahisha. Andoli akasikia. Alitoka nje kiti kikiwa mkononi, akakiweka chini, akamkalisha Sindula juu yake.

"Fundi kama wewe analala kwenye majani?" Andoli alisema. "Hapa utapata nyumba yenye kuta. Utapata pombe ya ndizi, na sherehe zangu zote utaziimbia wewe."

Wenzake walimwambia Sindula jua linashuka, waondoke. Akawaambia watangulie, yeye atarudi mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama, ukajaa, ukaisha, naye hakurudi.

Kambini waliwinda bila wimbo. Hakuna aliyethubutu kuugusa, kwa sababu ulikuwa wa Sindula, na kugusa cha mtu bila yeye ilikuwa aibu. Moto uliwashwa chini ya mti, watu wakautazama, kisha wakaondoka kimya na mioyo mizito. Basi mkono usiojiamini ukikaza wavu, wavu hulegea. Paa alipita chini, nguruwe akapita katikati, na wanaume wakarudi wakilaumiana nani aliacha mwanya. Wanawake nao waliswaga bila nguvu. Walikula mizizi, wakala majani na uyoga, na mtu mzima anaweza kuishi kwa hayo akivumilia. Lakini Sindula alikuwa na binti, Aluta, aliyekuwa na mtoto mchanga, na maziwa ya Aluta yalianza kukauka. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, na baada ya muda hata kilio chenyewe kikawa kidogo. Kambi nzima ilikuwa ikisikiliza kilio hicho kikipungua.

Mapoli, aliyekuwa msukaji mzuri kuliko wote wa nyavu, alitumwa kijijini kumwita Sindula. Alirudi peke yake, uso umemshuka. Sindula alikuwa amelewa, na aliyezungumza ni Andoli. Alisema hivi: watu wa msitu wahamie wote pembeni mwa mashamba yake. Watapewa ndizi kila siku, nao watapalilia. Nyavu hawatazihitaji tena. Mwimbaji wao ameshakubali, kwa hiyo wao wanangoja nini?

Wanangu, fikirini hilo neno. Si kwamba kupalilia ni kazi mbaya. Lakini mtu wa msitu akikaa pembeni mwa shamba la mwingine, akingoja kupewa ndizi, ataulizwa kila siku alikotoka na anakokwenda. Watoto wake watasahau mti wa asali kwa kuutazama, watasahau harufu ya mvua kabla haijafika, na wajukuu wake wataogopa msitu kama wanavyouogopa wale. Wote kambini walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyesema "twendeni." Lakini hakuna pia aliyemtazama Aluta machoni.

Asubuhi yake Aluta alitoka kibandani na kikapu chake kimefungwa. Alikuwa ameshaweka ndani chungu, shoka dogo na mkeka wa gome.

"Mimi nakwenda," alisema. "Msiniulize neno. Mtoto huyu hatakula fahari yangu."

Hakuna aliyemlaumu, na mimi simlaumu mpaka leo. Mama ana haki. Ila kila mtu alijua kwamba binti wa mwimbaji akishaondoka, atafuata ndugu yake, kisha mwenye njaa zaidi, kisha mwenye woga, na kabla ya mvua nyingine kambi ya mto Apelo itakuwa imekwisha. Mapoli aliinama akaanza kukunja wavu wake taratibu, bila kujua anaukunja ili aende nao wapi.

Aluta akapitisha mkanda wa kikapu, wa gome la mti, kwenye paji la uso, akanyanyua kikapu mgongoni, na mtoto akaanza kulia. Akambembeleza. Naye alikuwa na jambo gani la kumbembelezea ila lile alilolisikia tangu alipozaliwa? Bila kufikiri alitoa mlio mmoja, ule wa mwanzo kabisa wa wimbo wa baba yake, mfupi na wa juu. Kisha akanyamaza kwa aibu, kwa kuwa alikuwa ameugusa.

Kutoka mlangoni mwa kibanda chake, Bibi Epamba akajibu kwa mlio wa pili.

Watu wakageuka kumtazama. "Msinitolee macho," alisema. "Sijui mwingine zaidi ya huo. Kila alfajiri nilikuwa nasinzia, na hapo ndipo nilipokuwa nashtuka. Basi mlio huo nikabaki nao."

Mtu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na kile kicheko kilifungua kitu. Mapoli aliacha kukunja wavu. Alisema yeye anakumbuka mlio unaofuata, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akikaza fundo lake la mwisho kila asubuhi, na mikono yake bado inausikia. Akautoa, na sauti yake ilikuwa nzito na mbaya, lakini mlio ulikuwa ndio wenyewe. Mwanamke mmoja akasema alipokuwa mjamzito mtoto wake alipiga teke kila Sindula alipofika mahali fulani, na mahali hapo hawezi kupasahau. Mzee mmoja alikumbuka mlio uliomjia siku alipochoma mkuki nguruwe wake wa kwanza. Kila mtu alikuwa nacho kipande kimoja, hakuna aliyekuwa na viwili, na hakuna aliyejua kwamba jirani yake naye anacho.

Msidhani vilijipanga vyenyewe. Walibishana! Huyu alidai wake unatangulia, yule akasema unafuata, Epamba akawaambia wote ni viziwi. Walijaribu, wakachanganyikiwa, wakacheka, wakaanza tena. Mwishowe walifanya kama wanavyofanya nyavuni: kila mtu alishika ncha ya wimbo pale ya jirani yake ilipoishia. Aluta alikuwa bado amesimama na kikapu mgongoni. Kila walipozunguka wakarudi mwanzo, ilibidi naye atoe mlio wake, kwa sababu wa kwanza ulikuwa wa kwake na wengine hawakuwa nao.

Palibaki mahali pamoja. Ni pale karibu na mwisho, penye ile sauti nyembamba iliyowashikisha watu pumzi. Walitazamana. Hakuna aliyekuwa nayo. Kila mmoja alikumbuka jinsi alivyojisikia hapo, lakini sauti yenyewe haikumbakia mtu, kwa kuwa wote walikuwa wameduwaa. Mapoli alisema watafute nyingine waitie, wimbo usiwe na tundu.

"Msitie kitu," Aluta alisema. "Hapo ni pa baba. Tukifika hapo tunyamaze, halafu tuendelee."

Akashusha kikapu chake chini.

Waliwasha moto chini ya mti, wakaweka majani mabichi, wakaimba. Wa kwanza alitoa wake, wa pili akapokea, wa tatu akapokea, mpaka wimbo ukawa unazunguka kambi nzima. Wengine walikuwa vibandani, wengine wakichota maji, mmoja yuko juu ya gogo anajikuna, na hakuna aliyeweza kusema wimbo unatokea wapi. Ulitokea kila mahali. Sindula aliimba kwa ufundi, lakini aliimba akiwa amesimama sehemu moja, na msitu ulimsikia kama unavyomsikia ndege mmoja. Sasa msitu ulijisikia wenyewe. Hondohondo walipita juu wakivumisha mbawa zao, umande ukadondoka, na wanaume wakachukua nyavu bila kuambizana.

Siku hiyo walifunga nyavu zao bila kulaumiana. Aluta hakubaki kambini. Alimfunga mtoto ubavuni, akakata tawi, akaenda na wanawake kuswaga, na wanasema sauti yake ilikuwa kali kuliko zote. Paa mwekundu alinasa, na mwingine, kisha nguruwe dume aliyempa Mapoli kovu la pajani alilowaonyesha watu mpaka uzee wake. Nyama iligawiwa pale pale wavuni. Ini lilikwenda kwa Aluta, na hakuwa ameliomba. Alikunywa mchuzi siku hiyo na siku zilizofuata, maziwa yakarudi, mtoto akaanza kulia kwa nguvu tena mpaka majirani wakalalamika. Habari ya kwenda kupalilia migomba haikusikika tena.

Huko kijijini, Sindula alikuwa anaimba. Aliimba kwenye mazishi, kwenye harusi, na Andoli alipopata wageni. Watu wa migombani waliongea huku akiimba, wakaitana, wakaagiza pombe. Alipofumba macho na kuinua kidevu, hakuna aliyeshika pumzi. Nyumba yake ilikuwa na kuta kweli, lakini kuta hizo zilimzuia kusikia usiku unavyopumua, na alikonda ingawa alikula vizuri.

Asubuhi moja ya ukungu alikuwa ameketi nje, na upepo ulitoka msituni. Koo la mtu mmoja halifiki mbali, lakini makoo ya kambi nzima yanafika. Akausikia wimbo wake. Mwanzoni alikasirika, akasimama, akauliza nani amethubutu. Kisha akautambua mlio wa binti yake, na ule wa Epamba, na mwingine mzito na mbaya ambao haukuwa wa mtu ila Mapoli. Akafuatilia mpaka karibu na mwisho. Hapo wote wakanyamaza, halafu wakaendelea. Ulipozunguka tena, wakanyamaza pale pale.

Sindula alijua ni nini kilichokuwa kikikosekana hapo. Andoli alipotoka akamkuta amevua nguo aliyompa, ameikunja na kuiweka juu ya kile kiti.

"Unakwenda wapi?" chifu aliuliza. "Huko utakuwa nani?"

"Sijui, chifu," Sindula alijibu. "Lakini nimeachiwa nafasi."

Alifika kambini alfajiri nyingine, watu wakiwa wameshaanza. Hakuingia. Alisimama nyuma ya mti, akiona haya kama mkwe. Wimbo ulizunguka, ukafika pale, kimya. Akafungua mdomo, pumzi ikamkatikia. Wimbo ukampita. Aliwahi kuuimba wote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutetemeka, na sasa mlio mmoja ulimshinda. Wimbo ukazunguka tena ukaja, na kambi nzima ikanyamaza ikimngoja mtu ambaye hawakujua kama atarudi. Sindula akainua kidevu, akautoa.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hiyo ndiyo heshima yetu, hatumtazami mtu anapolia. Mlio wa kwanza ulikuwa wa Aluta, na ulitoka ukiwa umelowa, lakini ulitoka. Walipomaliza, Epamba ndiye aliyesema, "Umechelewa, na wavu wako umeliwa na mchwa. Kaa hapa usuke mwingine." Sindula akakaa chini. Walimcheka siku nzima, kuhusu kiti, kuhusu kuta, kuhusu kitambi kilichokataa kumwota hata kwa pombe yote ile, naye akacheka pamoja nao. Mikono yake ilikuwa laini, nyuzi zikamkata, Mapoli akamwonyesha upya namna ya kukaza fundo.

Baadaye Andoli alikuja mwenyewe, na watu wake na mzigo wa chumvi. Hakuingia sana, alisimama pale mwanga unapoishia. Aliuliza mwenye wimbo ni nani ili amchukue kwa heshima. Epamba akajibu ni yeye, akatoa mlio wake mmoja. Mapoli akasema hapana, ni yeye, akatoa wake. Mwanamke akatoa wake, mzee akatoa wake, mpaka chifu akachanganyikiwa kichwa. Kwa kuwa hakupenda kurudi mikono mitupu, aliomba walau wawili wa kuimba kwenye sherehe yake. Aliyeomba hanyimwi, wakaenda wawili. Mbele ya wageni wote wa Andoli, mmoja alitoa mlio wake, akangoja. Mwingine akatoa wake, akangoja. Wakarudia hivyo hivyo kama vyura wawili wa dimbwi moja, kwa uaminifu kabisa, mpaka wageni wakaangua kicheko na chifu mwenyewe akacheka. Wakala vizuri, wakarudi na chumvi. Hakuomba tena mwimbaji.

Na tangu siku hiyo, mtoto akizaliwa kwetu tunamsikiliza kabla ya kumfundisha, tujue koo lake linaangukia wapi, kisha tunampa mlio wake. Hatumpi wa pili, hata awe fundi namna gani. Tangu siku hiyo mwenye ini hajulikani mpaka nyama imegawiwa, na aliyeanza kujivuna tunamcheka siku ile ile bila kungoja kesho. Ukija na vitu vizuri kuliko vyote ukataka kuununua wimbo wa watu wa msitu, itakubidi uununue msitu mzima na kila anayepumua ndani yake, pamoja na mimi, na mimi bei yangu sitaitaja.

Na mtu akifa, hatumpi mwingine mlio wake siku hiyo. Tukifika mahali pake tunanyamaza, tunapita. Unaweza kukaa hivyo muda mrefu. Wa babu yenu umekaa tangu msimu ule wa asali nyingi, na mimi ndiye ninayefuata baada yake. Kila alfajiri huwa nangoja kidogo pale pasipo na mtu, kisha natoa wangu. Sikulalamika kwa yeyote. Lakini jana asubuhi, huyu mdogo wa Tebona, huyu hapa anayelamba kidole, ambaye bado hajui hata kuomba maji, alikuwa mgongoni kwa mama yake tulipofika pale. Akafungua mdomo akautoa, umepinda, umechelewa, lakini ni wenyewe. Nilisikia fahari mpaka nikasahau kuimba wangu, na kambi nzima ikanyamaza ikaningoja mimi.